Midomo ya Longino

Baba Mwanaidi amekufa. Binti yake alinipigia simu nikiwa darasani na kidato cha tatu, nimetoka tu kuchora seli ubaoni, na kwa kuwa simu za kutoka Tunduru kwa kawaida huniletea habari za mfuko wa korosho uliopakiwa kwenye basi, niliipokea huku chaki ingali mkononi. "Shangazi, Baba ametutoka," alisema. Nilimwambia innalillahi, kama nilivyojifunza kwa baba yake mwenyewe ingawa mimi ni Mkristo, nikawaambia wanafunzi wanakili mchoro, nikatoka nje. Sikulia. Nilisimama nyuma ya maabara nikijishangaa, maana nilichokuwa nacho kifuani hakikuwa huzuni, ilikuwa hasira. Mtu amekufa mzee, kitandani kwake, wajukuu wamemzunguka, miguu yake yote miwili ni mizima, na mimi namkasirikia kama mtu aliyeondoka na kitu changu. Nilikwenda msibani, nimerudi juzi, na sasa najua hasira ile ilikuwa inatafuta nini. Ndiyo sababu naandika habari za mwaka ule. Za wazazi wetu na malezi yetu naziacha, maana hazisaidii chochote hapa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne na sina mpango. Kaka yangu Longino alikuwa fundi seremala, ufundi aliojifunza Peramiho, na alikuwa na karakana yake Mfaranyaki, hapa Songea, kibanda cha mabati kilichonukia mninga. Alianza kuota vinundu vyeusi mguuni, kwanza kimoja kando ya kifundo, kisha vingine, kisha mguu mzima ukavimba na ngozi ikawa ngumu. Hakuweza tena kusimama mezani kupiga randa. Hospitali walikata kipande kidogo cha nyama, wakapeleka kupima, wakamwambia ni saratani ya ngozi ya aina inayowapata zaidi wenye virusi vya UKIMWI. Longino alipimwa virusi, hakuwa navyo, akapimwa tena, hakuwa navyo. Mtaani hakuna aliyetaka kusikia hilo. Wateja walianza kupita ng'ambo ya barabara, na mama mmoja aliyekuwa ameagiza kabati alituma mtu aje kusema kwamba hatalihitaji tena. Kwa hiyo ulipokuja mradi wa kujaribu dawa mpya ya saratani ile, na wakasema watawapa wagonjwa nyumba ya kukaa na kila mgonjwa anaweza kuja na ndugu wa kumuuguza, tuliondoka Mfaranyaki kama watu wanaokwenda harusini.

Nyumba yenyewe ilikuwa Majengo, nyuma ya maduka, ndefu, yenye korido katikati na vyumba kila upande, na uani palikuwa na jiko la mkaa chini ya paa la bati. Hapo ndipo nilipoishi mwaka mzima. Ningepelekwa leo nimefungwa kitambaa machoni ningeitambua kwa harufu: karanga zilizokaangwa, dettol, na mguu unaooza kidogo. Wagonjwa walikuwa kumi na wawili. Wengi wao nimewasahau sura, Mungu anisamehe, lakini wawili siwezi kuwasahau. Mmoja ni Mama Stela, mjane wa Kimatengo kutoka Mbinga, mwenye sauti nzito na mzaha usiokwisha, aliyechukuliwa kwenye mradi kwa sababu umri wa kuzaa ulikuwa umempita. Dawa ile huharibu mimba, na sisi wasichana wauguzaji tulikatazwa hata kuigusa. Wa pili ni Baba Mwanaidi, mkulima wa korosho, Myao, mtu wa sala tano na maneno machache. Naye, kama kaka, hakuwa na virusi. Yeye na Longino walipewa chumba kimoja.

Siku ya kwanza Daktari Elibariki, kijana wa Kilimanjaro aliyehamishiwa kwetu kikazi, alitukusanya koridoni akatueleza. Alieleza vizuri, hilo simnyimi. Darasani kwangu mpaka leo naeleza kwa maneno yake. Alisema ndani ya kila seli kuna kiini, na ndani ya kiini kuna vipokezi, ambavyo kazi yake ni kusubiri ujumbe na kuiambia seli ifanye nini: ikue, itulie, au ife. Kwenye saratani seli imekuwa kiziwi, inakua tu. Dawa hii, ambayo ni ndugu wa vitamini A, inaingia mpaka ndani ya kiini na kukiamsha kipokezi, kama mtu anayemwamsha mlinzi aliyesinzia getini. Kisha akasema jambo la pili, ambalo watu hawakulipenda. Nusu ya chupa zilikuwa na dawa, na nusu zilikuwa na vidonge vinavyofanana nayo kabisa lakini ndani ni mafuta matupu, na hakuna aliyejua ipi ni ipi, hata yeye. Matibabu ya kawaida ya hospitali kila mtu angeendelea kupata. Hiki cha chupa kilikuwa cha kujaribiwa. Kila mtu na chupa yake, alisema, na kidonge kiliwe mara moja kwa siku na chakula chenye mafuta, la sivyo mwili haukipokei. Mama Stela akauliza, "Sasa Daktari, nikipewa tupu, mlinzi wangu ataamshwa na nani?" Watu walicheka, Daktari naye akacheka. Tangu hapo ikawa ndiyo salamu ya nyumba ile. Mtu akitoka chumbani asubuhi aliulizwa, "Mlinzi kaamka?" naye anajibu, "Kaamka, anapiga miayo." Baba Mwanaidi alikuwa akisema wake kaenda msikitini.

Jambo ambalo wataalamu wale hawakulifikiria ni kwamba dawa yenyewe ilikuwa inajitangaza. Baada ya wiki chache midomo ya Longino ilikauka, ikapasuka, ikatoa magamba, hata kucheka ilimuuma. Daktari alisema ni kawaida ya dawa hizo. Nilinunua samli kwa wafugaji, nikawa nampaka kila asubuhi kwa kidole changu, naye analalamika kwamba namfanya chapati. Lakini nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena, kwa sababu mguu ulikuwa unapungua. Vinundu vilianza kusinyaa, ngozi ikalegea, na siku moja alisimama uani, akaegemeza mguu mbaya wote chini, akaniambia, "Gau, niletee randa yangu nijaribu." Nilikwenda mbio mpaka Mfaranyaki kuifuata. Aliikarabati milango yote ya nyumba ile iliyokuwa haifungi. Nyumba nzima ilimwona. Na nyumba nzima ilianza kutazamana midomo. Haikuhitaji usomi, aliyepasuka midomo alikuwa anapona, na aliyebaki na midomo laini alikuwa anazidi kuvimba. Midomo ya Mama Stela ilikuwa laini kama ya bibi harusi. Ya Baba Mwanaidi pia.

Ramadhani ilipoingia Baba Mwanaidi alifunga, ingawa Daktari alimwambia mgonjwa ana ruhusa ya kula. Kidonge akakihamishia kwenye futari. Kabla ya hapo kila mgonjwa alikula kitandani kwake kwa wakati wake, lakini watu wakaona haya kula mchana mwenzao kafunga, hata Wakatoliki, hata Mama Stela ambaye alikuwa akisema amefunga miaka yote ya ujane. Basi tukatandika mkeka uani, tukaweka masinia, na nyumba nzima ikawa inafuturu: uji wa pilipili manga, viazi vitamu, ugali na likolo ya majani ya maboga iliyoungwa karanga, dagaa wa Nyasa. Chupa za dawa zilipangwa katikati ya mkeka pamoja na chumvi. Ramadhani ilikwisha, mkeka haukuondolewa. Na ni kwenye mkeka huo ambapo jioni moja Mama Stela alitazama kidonge chake kiganjani, kisha akamtazama Longino anavyomung'unya taratibu kwa ajili ya midomo, akasema bila mzaha wowote, "Mimi wananilisha mafuta ya kupikia." Mguu wake ulikuwa umeanza kutoa maji, na alikuwa ameufunga kanga ili tusiuone.

Longino alivuta bakuli tupu la uji, akafungua chupa yake, akamimina vidonge vyake vyote humo. "Mboga ikiwa ndogo tunagawana," alisema. "Hiki nacho si wamesema ni cha kula na chakula?"

Nilimshika mkono. "Kaka, Daktari kasema kila mtu na chupa yake."

"Daktari hali hapa."

Baba Mwanaidi alisema, "Longino, hii ni afya yako, usituingize kwenye dhambi," lakini aliyesema hivyo alikuwa anatazama bakuli. Mwingine akamimina, na mwingine. Vikachanganywa kwa mkono, havitofautiani hata kidogo, kisha kila mtu akajaza chupa yake upya kwa idadi ileile aliyomimina. Tangu siku hiyo, kila chupa mpya zilipoletwa, walifanya hivyo. Muuguzi wa mradi alipokuja kuhesabu vilivyobaki, hesabu ilikuwa sawasawa. Walipoulizwa kama wamekunywa dawa zao, walijibu wamekunywa, na hawakusema uongo. Watu wameniambia tangu hapo kwamba lilikuwa jambo zuri sana, la kiutu. Nawaambia ndiyo. Lakini wao hawakuwa wakiutazama mguu wa kaka yangu ukianza kuvimba upya.

Nilikwenda kwa Daktari. Alikuwa na kiofisi karibu na hospitali, na feni iliyokuwa ikigonga kila inapozunguka. Nilimwamkia, nikamwambia yote: mkeka, bakuli, midomo. Alinisikiliza kalamu ikiwa mezani. Nilipomaliza alinyanyuka akafunga mlango. "Gaudensia," alisema, "ukiniambia jambo hili mimi kama daktari wa mradi, nalazimika kulipeleka juu, na wote wanatolewa kesho. Nyumba inafungwa. Kaka yako atakosa hata hiyo nusu anayopata sasa." Kisha akauliza polepole, "Sasa, umeniambia?" Nilitazama feni. Nilifikiria kurudi Mfaranyaki na mguu ule, bila kidonge chochote. "Hapana, Daktari," nilisema, "sijakwambia." Akanishukuru. Sikosi usingizi kwa jibu lile, na sitaki mtu anionee huruma kwa ajili yake. Nilikuwa mtoto wa watu niliyewekwa kwenye kona na mtu aliyenizidi umri, elimu na mshahara, na aliyekuwa na mradi wa kulinda. Hasira niliyo nayo juu yake sijaipunguza mpaka leo, na nimeshamwona mara mbili kwenye televisheni akihojiwa kuhusu maadili ya utafiti.

Shule za msingi zilipofungwa, mke wa Baba Mwanaidi alikuja kumtazama mumewe, akaja na binti yao wa darasa la kwanza. Mwanaidi alikuwa mtoto wa maswali. Alikaa nasi likizo yote, akimfuata Longino kila aendako, na Longino akamtengenezea kigoda kidogo cha mninga kwa mabaki ya mbao, akakipiga msasa mpaka kikang'aa. Jioni mtoto alikaa juu ya kigoda chake kando ya mkeka akimuuliza baba yake, "Baba, tunarudi wote lini?" Baba yake anasema inshallah. Anauliza tena kesho yake. Walipoondoka, Longino alikaa kimya siku nzima, nikadhani ni mguu.

Kisha ikaingia Juni, na Songea ikafanya inavyofanya Juni: upepo mkavu, baridi ya kuuma masikio, watu wamejifunga mablanketi mpaka ndani ya maduka. Nyumba nzima sasa ilikuwa imepasuka midomo, kila mtu kidogo, kwa baridi na kwa nusu dawa. Isipokuwa Longino. Yake ilipona. Magamba yalidondoka, ngozi ikarudi laini na nyeusi kama zamani, akawa anacheka bila kujishika mdomo. Nilijisifu kwa kila mtu. Nilimwambia Mama Stela kwamba samli yangu imeshinda dawa ya Wazungu, na Longino akasema, "Gau, fungua duka, mimi nitakutengenezea rafu." Mguu wake ulikuwa unazidi, hilo nililiona, na nililijua sababu yake: anakunywa nusu. Wa Baba Mwanaidi ulikuwa unanyooka vizuri sana. Alikuwa anatembea mpaka msikitini na kurudi bila fimbo, na kila mtu alimpongeza, na mimi nilimpongeza.

Mwaka wa mradi ulipokwisha, Profesa mwenye mradi alikuja kutoka kwao, mzee mrefu Mzungu mwenye adabu, akatushukuru kwa ushiriki wetu. Kulikuwa na soda na biskuti. Daktari Elibariki alitafsiri: chupa zimefunguliwa siri zake, na matokeo hayaonyeshi tofauti kati ya waliopewa dawa na waliopewa vidonge vitupu. Mgonjwa aliyepona vizuri kuliko wote, Baba Mwanaidi, alikuwa wa vidonge vitupu. Longino, aliyepewa dawa, alikuwa miongoni mwa waliozidi kuumwa. Kwa hiyo dawa hii haiendelei. Mama Stela hakuwa na mzaha siku hiyo. Nilikwenda jikoni kuchukua soda zaidi, na nyuma ya ukuta wa jiko niliwasikia wawili wale wakiongea Kiingereza. Changu kilikuwa cha kidato cha nne, lakini kilitosha. Profesa alikuwa anasumbuliwa na kitu. Alisema hata waliopewa vidonge vitupu wamepasuka midomo, na hilo halieleweki, kwa sababu ni dalili ya dawa. Nilisimama na kreti mikononi nikisubiri. Daktari alisema, "Ni baridi ya Songea." Nilipotokeza aliniona, akajua nimesikia, akaipokea kreti kutoka mikononi mwangu kwa heshima kubwa. Profesa aliandika kuhusu baridi.

Chupa zilikusanywa, mkeka ukakunjwa. Mama Stela alifia Mbinga kabla ya mvua. Longino alirudi Mfaranyaki, ugonjwa ukaingia kwenye mapafu, na akafa kwenye chumba chetu nikiwa nimemwegemeza kifuani apate pumzi. Dawa za ukoo ule nasikia leo zinatumika kwingine kwa saratani nyingine, zinaponya watu. Mimi nilirudi shule, nikasoma baiolojia kwa sababu nilitaka kuwa mtu anayeelewa wanapoongea nyuma ya ukuta. Na kila msimu wa korosho, bila kukosa, kutoka Tunduru ulikuja mfuko. Nilimwambia Baba Mwanaidi kwenye simu aache, inatosha, yeye akasema, "Mwanangu, haitoshi." Nilidhani ni adabu yake.

Msibani Mwanaidi alinipeleka chumba cha ndani, wanawake wakatupisha. Ni mama wa watoto watatu sasa. Alinikalisha kitandani na yeye akakaa juu ya kigoda kile cha mninga, ambacho bado hakijalegea hata mguu mmoja. "Shangazi," alisema, "Baba aliniachia neno la kukwambia. Alisema yeye hakuweza." Alilisema akiinamisha macho. Kwamba baada ya likizo ile kaka yangu aliacha kumeza kidonge. Alikuwa akikitia mdomoni mbele yetu, na wakiingia chumbani anampa Baba Mwanaidi, ambaye alikimeza pamoja na chake. Kila siku, mpaka mwisho wa mradi. Baba yake alikataa mara ya kwanza. "Kaka yako alimwambia, 'Mimi sina mtoto wa kuniuliza narudi lini.'"

Nilimwambia Mwanaidi ahsante. Alikuwa analia, nikamfuta machozi, maana hana kosa, alikuwa mtoto anauliza swali. Lakini mimi je? Longino hakuwa na mtoto, alikuwa na mimi. Nilikuwa namuuliza kila siku: umelalaje, mguu vipi, tunarudi lini karakanani. Sikuhesabika. Kwenye basi la kurudi Songea nilikaa dirishani na mfuko wa mwisho wa korosho miguuni, na hasira yangu ikamwacha marehemu, ikahamia kwa mtu ninayempenda kuliko wote. Miaka yote hii nimesema aliuawa na nusu. Haikuwa nusu. Mwezi ule wa Juni, nyumba nzima imepasuka midomo, mimi nilikuwa nampaka samli mtu asiyekunywa dawa, namwonyesha kwa watu jinsi midomo yake ilivyopona, naye akaniacha nijisifu.